Mapishi ya haraka nyumbani: chemsha Jumapili, unga Jumatano

Ni saa tatu kasorobo usiku. Umeshuka basi la pili, mvua imekulowesha, na zamu yako ya kesho inaanza saa kumi na mbili alfajiri. Njiani umepita duka la kuku wa kukaanga na duka la chipsi, yote mawili yakiwa wazi na taa zake zikiwaka. Nyumbani kuna mchele, vitunguu vitatu na kopo la nyanya.

Hali hii wanaijua Waafrika Mashariki wengi waishio London, Minneapolis au Muscat. Siku hizi wanaijua pia wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam, wanaofika majumbani usiku baada ya kukaa garini saa mbili za foleni. Swali lao ni moja: je, chakula chetu, kile hasa tulichokulia, kinaweza kupikwa kwa nusu saa?

Wengi hujibu kwamba hakiwezi. Husema kwamba maharage yanataka asubuhi nzima, nazi inataka mikono miwili yenye nguvu, na kisamvu kinataka kinu na mtu wa kukitwanga. Hivyo siku za kazi hula mikate na chipsi, na chakula cha kwao hukiweka kwa ajili ya harusi, Idi na Krismasi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu.

Kuchemsha ni kazi moja, kuunga ni nyingine

Lugha yenyewe imekwisha kulitenganisha jambo hili. Mpishi wa Kiswahili atakwambia kwamba maharage ameshayachemsha ila hajayaunga. Kuchemsha juu ya mkaa huchukua saa mbili, pengine tatu. Kuunga, yaani kutia kitunguu kilichokaangwa, nyanya, tui au karanga pamoja na viungo, hakuzidi dakika 15 au 20. Ndivyo ilivyo pia kwa nyama ngumu, kwa kisamvu, na kwa makande ambayo Wakenya huyaita githeri.

Ukiongeza kuchambua mchele, kukuna nazi juu ya mbuzi, kukamua na kuchuja tui, kutwanga karanga na kumenya vitunguu saumu, utaona kwamba sehemu kubwa ya muda wa mapishi yetu hutumika kabla ya chakula chenyewe kuanza kupikwa. Kazi hizo zilifanywa na mikono mingi: mabinti wa nyumba, shangazi aliyekuja kutembea, msichana wa kazi. Anayekumbuka kwamba chakula cha kwao kilikuwa tayari kila alipotoka shule, na akumbuke pia nani aliyeamka kukikuna na kukitwanga.

Mimi mwenyewe ni miongoni mwa hao waliosahau. Nilitoka Bujumbura mwaka 2015, mwaka ambao redio binafsi kadhaa zilishambuliwa na kufungwa, nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mhariri mwenye shahada ya chuo kikuu, bila ya kujua maharage huchemka kwa muda gani. Nilijifunza jikoni London, katika chumba cha kupanga, kwa kuuliza kwa simu. Na kosa langu la kwanza lilikuwa la hatari.

Maharage mekundu na sumu yake

Nilinunua chungu cha umeme, aina ile inayopika polepole kwa saa nane wakati mwenyewe yuko kazini. Ilionekana kwangu kuwa ndilo jibu la kila kitu. Nikatia humo maharage mekundu makavu, maji na chumvi, nikaenda zangu. Niliporudi usiku nikayaunga vizuri, nikawaita wenzangu wawili tuliokuwa tukiishi nyumba moja. Maharage yalikuwa magumu kidogo katikati, lakini njaa haichagui. Haikupita saa tatu sote watatu tulikuwa tukipokezana choo, tukitapika kama watu waliolishwa sumu.

Na sumu tulikuwa tumelishwa kweli. Maharage mabichi yana protini ya jamii iitwayo lektini, na maharage mekundu makubwa, yenye umbo la figo, ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha. Dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, na kwa kawaida hupoa zenyewe baada ya saa chache. Moto mkali huiharibu protini hiyo, lakini moto wa chini hauiharibu. Wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani wanaeleza kwamba maharage yaliyopashwa joto hadi nyuzi 80 za sentigredi tu yaweza kuwa na sumu hata mara tano kuliko yale mabichi. Vyungu vingi vya kupika polepole havifiki joto la maji yanayochemka.

Mama zetu hawakupata tatizo hili, kwa sababu sufuria ya maharage juu ya mafiga hutokota kwa nguvu tangu mwanzo. Walikuwa na kinga bila ya kuitafuta. Sisi tuliobadilisha jiko ndio tunaopaswa kujua sababu.

Utaratibu wenye usalama ni huu. Chambua maharage usiku wa Jumamosi, uyaloweke kwa maji mengi hadi asubuhi. Mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya, kisha yachemshe yakitokota kwa nguvu. Mamlaka za Uingereza zinataka angalau dakika 10 za mtokoto mkali na za Marekani zinashauri dakika 30. Mimi hufuata Wamarekani. Baada ya hapo punguza moto uyaache yaive mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili. Ukitaka kutumia chungu cha polepole, kitumie baada ya mtokoto huo.

Aliye mahali palipoinuka aongeze muda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa akipika maharage Nairobi huyaona kama hayataki kuiva.

Sufuria ya presha huondoa usumbufu huo. Chombo hiki si kipya hata kidogo. Kilibuniwa na Denis Papin, mwanasayansi wa Kifaransa, mwaka 1679 akiwa London. Mvuke unaobanwa ndani hupandisha joto hadi karibu nyuzi 121, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 15 hadi 20. Usikijaze kupita nusu unapopika maharage, kwa kuwa povu lake huziba tundu la kutolea mvuke.

Jambo jingine linalowashangaza wageni wa London ni maji yake. Ni maji yenye chokaa nyingi, nayo chokaa huyafanya maganda ya maharage yabaki magumu hata baada ya saa tatu. Dawa tunayo: kibano kidogo cha magadi, au cha soda ile ya kuumulia mikate. Lakini iwe kidogo kweli, maana magadi mengi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Na wala usitie nyanya, ndimu au ukwaju kabla maharage hayajalainika. Uchali huyagandisha magumu, nawe utalaumu duka lililokuuzia.

Nusu kilo ya maharage makavu hutoa kilo moja na robo hivi yaliyoiva, sawa na makopo manne au matano ya dukani. Yagawe katika vyombo vidogo pamoja na supu yake, yapoe, yagandishe. Na ikiwa Jumapili imepita na hukuchemsha kitu, kopo la dukani si aibu. Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa kiwandani kwa joto kali na hayana hatari tuliyoieleza. Yasuuze tu yatoke chumvi.

Kuyaunga kwa nazi siku ya kazi ni hivi. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa mafuta vijiko viwili mpaka kigeuke rangi, tia kitunguu saumu na nyanya mbili, acha nyanya zirojeke hadi mafuta yaanze kujitenga. Tia maharage pamoja na supu yake, manjano kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa. Yakichemka mimina nusu kopo la tui, koroga kwa mwendo mmoja, onja chumvi, epua baada ya dakika tano. Kuanzia kumenya kitunguu hadi kuepua ni dakika 20.

Tui la kopo

Nilionja maharage ya nazi kwa mara ya kwanza Mlimani, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwetu Bujumbura, maharage huungwa kwa mawese. Mwenyeji aliyenikaribisha nyumbani kwao alinionyesha tui zito likichujwa kwanza na kuwekwa kando, kisha tui jepesi la maji ya pili na ya tatu. Tui jepesi ndilo linalopikia, na lile zito humaliziwa mwishoni ili lisikatike.

Wapo wanaoamini kwamba utaratibu huu umekufa na kopo. Haukufa. Kopo la mililita 400 likikaa bila kutikiswa, hasa mahali pa baridi, sehemu nzito hupanda juu na maji hubaki chini. Lifungue taratibu, uteke kwa kijiko ile ya juu: hilo ndilo tui lako zito. Linalobaki, ukiliongeza maji kikombe kimoja, ni tui jepesi. Baadhi ya viwanda hutia vigandishi ili tui lisijitenge. Soma karatasi ya kopo, uchague lile lenye nazi nyingi na maneno machache. Lile linaloandikwa kuwa ni jepesi, lenye mafuta pungufu, mara nyingi ni tui lililoongezwa maji tu, nawe maji unayo bombani kwako. Na uwe macho na makopo ya nazi tamu yanayotengenezwa kwa ajili ya vinywaji. Jirani yangu mmoja aliwahi kutupa sufuria nzima ya mchuzi wa samaki kwa sababu ya sukari hiyo.

Katika nyumba za Waswahili wa Oman, ambako wali wa nazi na samaki wa kupaka havikuacha kupikwa vizazi kwa vizazi, tui la kopo na la unga limeshazoeleka siku za kazi. Dar es Salaam nazi hukunwa kwa mashine sokoni mbele ya macho yako. Nani bado anakalia mbuzi kila siku? Wachache, na kwa kawaida ni wale wasioulizwa kama wanapenda.

Vyakula visivyongoja

Ipo sehemu ya mapishi yetu ambayo ni ya haraka kwa asili yake, na ajabu ni kwamba wengi huidharau. Nazungumzia dagaa.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao Burundi tunawaita indagara, ni aina tofauti na wale wa Ziwa Viktoria wanaoitwa omena upande wa Kenya na mukene Uganda. Wote wameshakaushwa juani, hivyo kazi ndefu imekwisha kufanywa na jua. Huuzwa katika maduka ya Kiafrika ya miji mikubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, na pakiti moja hukaa kabatini kwa miezi. Waliokaushwa chini huwa na mchanga. Watie katika bakuli la maji ya moto kwa dakika tano, wasugue polepole kwa vidole, wanyanyue kwa mkono uwatie katika maji mengine, ukiacha mchanga chini ya bakuli. Usiwamwage pamoja na maji yao, mchanga utarudi. Wachuje wakauke, kisha kaanga kwa mafuta machache mpaka walie wakikorogwa. Watoe, kaanga vitunguu viwili, nyanya tatu na pilipili hoho katika mafuta yale yale, warudishe dagaa, kamulia ndimu. Dakika 20 zinatosha, na ugali huwa tayari wakati huo huo. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, wana madini ya chokaa yanayohitajiwa sana na watoto na kina mama.

Anayechelea harufu katika nyumba za ghorofa, na majirani wengine hulalamika kweli, afungue dirisha na kupika mayai ya mchuzi. Chemsha mayai manne kwa dakika tisa. Wakati yanachemka tengeneza mchuzi wa kitunguu, nyanya, tangawizi, binzari nyembamba na manjano. Menya mayai, yachanje kidogo ili mchuzi upenye, yatumbukize, tia vijiko vitatu vya tui zito na kotmiri iliyokatwa. Ni chakula kizuri kuliko sifa yake. Viazi vilivyochemshwa jana navyo vyaweza kukatwakatwa, kukaangwa na kumiminiwa mayai yaliyopigwa. Hiyo ni chipsi mayai ya mitaa ya Dar es Salaam, na hukamilika kwa dakika kumi pamoja na kachumbari yake. Waganda hupika mayai hayo na kuyakunja ndani ya chapati moto, chakula wanachokiita rolex, na chapati za kugandishwa zinazouzwa katika maduka ya Kihindi zinafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Ugali, wali na suala la kiporo

Ugali hauna haja ya kutetewa. Kwa mtu mmoja au wawili, vikombe viwili vya maji na kikombe kimoja na nusu cha unga hukamilika kwa dakika 12. Tatizo la ughaibuni ni unga wenyewe. Unga mweupe uliosagwa laini hupatikana katika maduka ya Waafrika na ya watu wa Karibea. Unga wa polenta wa Kitaliano ni wa njano na wa chenga, lakini ukipikwa sawasawa unaliwa. Walioko Marekani wawe waangalifu na unga wa masa unaotumiwa na Wameksiko: mahindi yake huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa, na ugali wake huwa na ladha na mnato mwingine kabisa.

Wali wa nazi wa siku ya kazi hautaki ujuzi mkubwa. Gramu 400 za mchele wa basmati, uliooshwa na kulowekwa wakati unavua viatu na kuoga, kopo moja la tui, maji ya mililita 300 na chumvi. Chemsha hadi maji yakaukie usawa wa mchele, funika, weka moto wa chini kabisa kwa dakika kumi, zima, uache ujipike kwa mvuke wake dakika tano nyingine. Anayetaka iliki atie punje tatu.

Hapa ndipo panapotakiwa tahadhari ya pili, na ni ngumu zaidi kuisema kwa sababu inagusa jambo tunalolipenda. Kiporo cha wali na chai ya maziwa ni kifungua kinywa ambacho wengi wetu tumekulia nacho. Hata hivyo, mchele mkavu mara nyingi hubeba bakteria iitwayo Bacillus cereus, ambayo mbegu zake haziuawi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa katika sufuria usiku kucha katika joto la kawaida la nyumba, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Hilo ndilo wengi wasilolijua: wali uliopashwa mpaka ukatoa moshi waweza kuwa umeua bakteria na kuiacha sumu.

Kiporo hakikuharamishwa kwa hayo. Kinachotakiwa ni kukipoza haraka. Tandaza wali wa ziada juu ya sinia usipokuwa mnene, na ndani ya saa moja uwe umeshaingia katika friji. Uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu, na upashwe mpaka mvuke utoke katikati. Wali uliogandishwa siku ile ile hukaa muda mrefu zaidi. Pilau na wali wa nazi hufuata masharti hayo hayo, na sufuria iliyofunikwa mkeka jikoni mpaka asubuhi, kama ilivyozoeleka, haina usalama, hasa katika nyumba zetu za pwani zenye joto.

Mboga za majani

Sukuma wiki ni mboga ya haraka tangu jina lake. Uingereza utaipata ndugu yake yenye majani ya kujikunja, na Marekani, hasa majimbo ya kusini, ile ya majani mapana inayofanana kabisa na ya Nairobi huuzwa kila mahali. Ng'oa uti wa katikati, kunja majani pamoja, kata nyembamba kama tumbaku. Dakika sita juu ya kitunguu na nyanya zinatosha. Wanaoipika nusu saa wanaitesa bure.

Mchicha wa karanga nao umekuwa mwepesi. Spinachi ya kugandishwa, ikishayeyuka na kukamuliwa maji yake, hufaa badala ya mchicha, na siagi ya karanga isiyo na sukari hufanya kazi ya kinu. Vijiko viwili vikubwa vilivyokorogwa katika maji ya moto hutosha sufuria ya watu wanne.

Kisamvu hakimo katika orodha ya siku za kazi. Sombe ya Wakongomani, au isombe kama tuiitavyo Burundi na Rwanda, huuzwa ughaibuni ikiwa imeshatwangwa na kugandishwa, na hiyo ni neema. Lakini kutwangwa si kuiva. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sianidi, nayo huondoka kwa kutwangwa kisha kuchemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Usidanganywe na pakiti ukadhani ni spinachi. Ichemshe Jumapili kwa saa moja na zaidi, igandishe katika vyombo vidogo, na katikati ya wiki uiunge kwa mawese, karanga au nazi.

Nyumbani nako

Ingekuwa kosa kudhani kwamba haya ni mambo ya wahamiaji peke yao. Mama mboga wa Nairobi amekuwa akiwakatia wateja sukuma wiki kwa miaka mingi, na maharage na githeri vilivyochemshwa huuzwa kwa kikombe kando ya barabara. Mnunuzi anakwenda kuunga tu. Wanawake hao wamejenga biashara juu ya tofauti ile ile ya kuchemsha na kuunga, bila ya kuandikiwa makala.

Kinachobadilika sasa ni jiko. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Sufuria za presha za umeme nazo zimechunguzwa nchini Kenya, Tanzania na Uganda chini ya mradi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza. Umeme unaookolewa zaidi ni katika vyakula vya kuchemka muda mrefu, yaani yale yale maharage na makande, kwa kuwa chombo hicho kimezibwa na kufunikwa pande zote na hakipotezi joto. Anayeona bei ya umeme na kudhani kwamba mkaa ni nafuu kwa maharage afanye hesabu tena, akiweka ndani yake muda wa kupuliza moto na kikohozi cha mpishi.

Umeme ukikatika kabla maharage hayajaiva, kipo kikapu kilichojazwa nguo au pamba, ambacho huhifadhi joto la sufuria kwa saa kadhaa. Kimetumika sana vijijini Kenya. Ila sharti lile la maharage mekundu linabaki: yatokote kwa nguvu kwanza, ndipo yaingie kikapuni.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana waliofika karibuni, wengi wao wakiishi peke yao, ni la vipimo. Mapishi yetu yamezoea sufuria ya watu kumi, na mtu mmoja akiyapika hula chakula kile kile mpaka kimchoshe. Ushauri wangu ni kugandisha kilichochemshwa, wala si kilichoungwa. Maharage matupu ya Jumapili yaweza kuwa ya nazi Jumatatu, ya mawese Jumatano, na Ijumaa yakachanganywa na mahindi ya kopo yakawa makande. Kila chombo kibandike karatasi yenye jina na tarehe. Maharage mekundu na nyama ya mchuzi, vikishaganda, havitofautiani kwa macho, na mimi nimewahi kumyeyushia mgeni asiyekula nyama kile ambacho hakukiomba.